Tahariri: Telefone isiyofunguka si mali ya mwenyewe

Kandokando ya barabara za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, meza ya fundi wa telefone inajulikana kwa mbali: mwavuli, turnavisi ndogo ndogo, brashi ya meno, chuma cha kuchomelea, na ndoo ya telefone zilizokufa ambazo bado zinatolewa piesi moja moja. Mteja anafika na telefone ambayo batri yake imevimba mpaka kioo kimeinuka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya dakika moja. Siku hizi fundi anapasha moto mgongo wa telefone ili gundi ilegee, anaingiza kipande cha plastiki taratibu, na mteja anasimama pale akishika pumzi. Kioo kikipasuka, mtu aliyekuja kununua batri anarudi nyumbani na deni la kioo.

Wengi wanaamini kwamba ni lazima iwe hivyo. Wanasema telefone ni nyembamba, ni ya kisasa, basi haiwezi kufunguka kama zile za zamani. Kuna injenia mmoja ambaye hakubali maelezo hayo, na ni vigumu kumuambia kwamba hajui kazi. Jina lake ni Steve Wozniak, mmoja wa watu waliounda kampuni ya Apple huko California mwaka wa 1976, na ndiye aliyechora kwa mkono wake kompyuta mbili za kwanza za kampuni hiyo.

Mwezi wa saba mwaka wa 2021, Wozniak alijibu swali la Louis Rossmann, fundi wa kompyuta aliyekuwa na duka lake New York na anayejulikana sana kwa kutetea haki ya mteja ya kutengeneza kifaa alichonunua. Jibu lilikuwa video ya karibu dakika kumi. Ndani yake injenia huyo alisema anaunga mkono haki hiyo kabisa, na kwamba Apple yenyewe isingezaliwa kama yeye hangekulia katika dunia ambamo vifaa vilikuwa wazi. Alikumbusha kwamba wakati wa utoto wake, mtu aliponunua redio ao televizyo alipewa pia karatasi yenye mchoro wa nyaya zote. Taa za ndani ya televizyo zikiharibika, hata familia isiyojua ufundi ilizitoa, ikazipeleka dukani kuzipima, ikanunua ile moja iliyokufa tu. Kisha akauliza swali ambalo kila mwenye telefone anaweza kujiuliza: hii kompyuta ni yako, ao ni ya kampuni iliyokuuzia?

Maneno haya yana uzito kwa sababu ya mtu aliyeyasema. Wozniak hakuwa mshindani anayetafuta kuharibu jina la Apple. Utajiri wake umetoka huko. Na aliyoyasema mwaka wa 2021 alikuwa ameyatenda miaka zaidi ya 40 mbele. Mbele ya kuuza kompyuta yake ya kwanza, alikuwa akigawa michoro yake bure kwa wenzake katika chama cha wapenda kompyuta walichokiita Homebrew Computer Club. Apple II, iliyotoka mwaka wa 1977, ilikuwa na kifuniko kinachoinuliwa kwa mikono, bila turnavisi. Ndani mlikuwa na nafasi 8 za kuongezea kadi za wafundi wengine. Steve Jobs, mwenzake, alitaka nafasi 2 tu: moja ya mashini ya kuchapa, nyingine ya kuunganisha na telefone. Wozniak alikataa. Kitabu cha maelezo cha kompyuta hiyo kilikuwa na mchoro kamili wa umeme wake.

Na kompyuta hiyo iliyokuwa wazi haikufilisi kampuni. Ndiyo iliyoilisha kwa miaka mingi, na iliuzwa hadi mwaka wa 1993. Watu wa nje waliingiza kadi zao katika zile nafasi 8, wakaandika programu zao, na kila walichoongeza kiliifanya Apple II itafutwe zaidi. Macintosh ya mwaka wa 1984 ndiyo iliyokuja na sanduku lililofungwa kwa visi ambavyo turnavisi ya kawaida haifungui. Tangu pale, njia ikawa moja: kila miaka michache, mlango unafungwa zaidi.

Leo kufuli ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya chuma na gundi: visi vya umbo la pekee na batri iliyobandikwa. Ya pili ni ya karatasi: mchoro wa nyaya ni siri, na piesi za kweli haziuzwi kwa fundi wa barabarani. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haionekani. Ni kufuli ya programu. Kila piesi ina namba yake, na telefone inaitambua. Fundi anaweza kuchukua kioo cha kweli kutoka telefone nyingine ya aina ile ile, akakiweka vizuri, na bado telefone ikakataa. Mwaka wa 2021, iPhone 13 ilipotoka, mafundi waligundua kwamba kubadilisha kioo chake kulizima ufunguo wa uso, isipokuwa mtu ahamishe kijipande kidogo cha elektroniki kwa kuchomelea chini ya darubini. Nyuma ya makelele mengi, Apple iliondoa kizuizi hicho kwa programu mpya. Kumbe kizuizi kiliweza kuondolewa kwa programu tu. Basi hakikuwa sharti la ufundi.

Mfano mwingine unajulikana zaidi. Kwa miaka mingi wenye telefone, hapa na kwingine, walinung'unika kwamba telefone inakuwa nzito kila inapopokea programu mpya. Waliambiwa ni mawazo yao. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2017, nyuma ya vipimo vilivyotangazwa na mtaalamu mmoja wa kupima kasi ya kompyuta, Apple ilikubali kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye batri iliyochoka. Kampuni ilijieleza kwamba ilifanya hivyo ili telefone zisizimike ghafla, na maelezo hayo ya ufundi yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini haikuwa imemuambia mteja kwa wazi kwamba batri mpya ingemrudishia telefone yake. Wengi walinunua telefone nyingine. Apple iliomba samahani na kushusha bei ya kubadilisha batri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwaka wa 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25, na huko Marekani kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza kesi ya wateja.

Mteja wa Marekani alikuwa na mahakama ya kukimbilia. Mteja wa Uvira hana. Yeye ana fundi tu, na fundi ndiye anayefungiwa mlango.

Ndiyo maana jambo hili, linaloonekana kama ugomvi wa matajiri wa California, lina uzito zaidi mashariki mwa Kongo. Huko Ulaya, telefone ikifa, mtu anapoteza picha na siku moja ya kazi. Hapa telefone ndiyo sanduku la pesa. Tangu banki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wakaaji wa mji huo wamepokea mshahara, wamelipa masomo ya watoto na wamepata msaada wa ndugu walio mbali kwa njia ya pesa za telefone. Telefone ndiyo inayoleta habari ya barabara gani imefungwa na familia imekimbilia wapi. Mama muuza samaki ambaye telefone yake imezimika kwa batri iliyobandikwa na gundi hakupoteza mchezo. Duka lake limefungwa.

Wenye kukumbuka kitochi wanajua kwamba haikuwa lazima kufika hapa. Nokia 1100, iliyotoka mwaka wa 2003 na taa yake kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Mgongo wake ulifunguliwa kwa ukucha. Batri iliuzwa kwenye kila kabini. Mtu aliweza kuwa na batri mbili, moja mfukoni na moja ikijazwa kwa jirani mwenye jenereta. Katika miji ambamo umeme unakuja na kwenda, hiyo ilikuwa akili kubwa ya ufundi kuliko wembamba wa milimita mbili.

Tena kuna ukweli ambao Mkongomani hapaswi kuusahau. Telefone hizi si wageni hapa. Vijipande vinavyotunza umeme ndani yake vinahitaji tantali, inayotoka katika koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, katika territwari ya Masisi, kwa mikono na kwa hatari ya udongo unaoporomoka. Kobalti ya batri nyingi inatoka Kolwezi na kandokando yake, kwani Kongo peke yake inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Madini yanaondoka kama mawe, yanarudi kama telefone. Telefone ile ikitupwa nyuma ya miaka miwili kwa sababu batri haibadilishiki, maana yake ni kwamba mawe mengine lazima yachimbwe kwa haraka kuziba pengo. Kila mwaka mmoja ambao telefone inaongezewa ni mwaka ambao mashimo yale hayaombwi mawe ya kuibadilisha. Watu wanaozungumza juu ya madini ya damu wangezungumza pia juu ya gundi.

Haki inadai kusikiliza upande wa viwanda. Wanatoa sababu tatu. Wanasema batri ya lithium ni hatari katika mikono isiyojua. Wanasema telefone iliyobandikwa haiingizi maji. Wanasema kufuli za programu zinawavunja nguvu wezi.

Sababu hizi si za uongo. Batri ya lithium iliyotobolewa inawaka, na kila fundi wa barabarani amekwisha kuona moshi wake. Lakini hatari kubwa mezani pake ni batri ya bandia, na batri ya bandia inanunuliwa kwa sababu ya kweli haiuzwi kwake. Kiwanda kinamnyima fundi piesi nzuri, kisha kinamlaumu kwa kutumia mbaya. Tena kufunga mlango hakuzimi moto: mwaka wa 2016 Samsung ililazimika kurudisha telefone zake za Galaxy Note 7 kwa sababu ziliwaka. Batri zile zilitoka kiwandani, hakuna fundi wa pembeni aliyezigusa.

Juu ya maji, kuna saa na tochi nyingi zinazozama ndani ya maji na bado zinafunguliwa kwa visi na mpira. Juu ya wezi, viwanda vina haki zaidi. Kufuli inayozuia telefone iliyoibwa isitumike ni msaada wa kweli katika miji yenye wanyang'anyi wa usiku. Lakini kufuli hiyo inaweza kufanya kazi bila kukataza kioo wala batri. Na pia inaumiza watu wasio na kosa: wanaonunua telefone iliyokwisha kutumiwa, iliyotoka Dubai ao Ulaya, na kukuta siku ya tatu inadai neno la siri la mtu wasiyemjua. Wozniak aligusa jambo hilo tangu mwaka wa 2012, aliposema anaogopa dunia ambamo vitu vya mtu vinahifadhiwa kwenye mashini za kampuni, kwa sababu pale mtu anakuwa amekwisha kusaini kwamba hamiliki kitu.

Inchi nyingine zimekwisha kuchagua. Ufaransa, mwezi wa kwanza 2021, ilianza kulazimisha telefone kuuzwa na alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuitengeneza. Jimbo la Oregon, huko Marekani, lilipitisha mwaka wa 2024 sheria inayokataza viwanda kutumia programu ili kuzuia piesi. Umoja wa Ulaya umelazimisha chaja ya aina moja, USB-C, kwa telefone zote mpya tangu mwisho wa mwaka wa 2024. Na tangu tarehe 20 mwezi wa sita 2025, telefone mpya inayoingia katika soko la Ulaya lazima iwe na piesi zinazopatikana kwa miaka 7 nyuma ya mwisho wa kuuzwa kwake, na programu mpya kwa muda usiopungua miaka 5. Batri yake lazima ibaki na walau asilimia 80 ya nguvu nyuma ya kujazwa mara 800.

Viwanda vile vile vilivyosema haiwezekani vilitii. Soko la Ulaya ni kubwa, hakuna aliyetaka kulikosa.

Je, Kongo inaweza? Wengine watacheka: inchi yenye vita na barabara mbovu itawezaje kuamuru viwanda vya Marekani, Korea na China? Wacheke, lakini wakumbuke RAM. Mwezi wa tisa mwaka wa 2020, serkali ilianzisha daftari la telefone na kuanza kukata unite kwa kila mwenye telefone: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, na senti 17 za dola kwa ile ndogo ya 2G. ARPTC, ofisi inayosimamia mawasiliano, ilieleza kwamba daftari litasaidia kupigana na telefone za bandia na zilizoibwa. Wananchi waliona unite zinayeyuka tu. Walipaza sauti, wabunge wakapaza sauti, na mwaka wa 2022 RAM ikafutwa.

Somo la RAM ni mbili. La kwanza, serkali ilipotaka pesa, ilijua kufikia kila telefone, hata ya mkulima wa Walikale. Kwa hiyo haiwezi kusema leo kwamba haina mikono. La pili, wananchi walipoungana juu ya telefone yao, walishinda. Nguvu ile ile inaweza kudai kitu kingine: badala ya kodi juu ya telefone, haki juu ya telefone.

Na madai hayahitaji kuwa makubwa. Aina mpya ya telefone inapoombewa ruhusa ya kuuzwa Kongo, iulizwe swali moja zaidi: batri na kioo chake vitauzwa wapi, na kwa miaka mingapi? Aina isiyo na jibu isipate ruhusa. Piesi za kweli zinapoingia mpakani, Kasumbalesa ao Kasindi, zisilipishwe kodi zinazofanya ya bandia ionekane rahisi. INPP, inayofundisha kazi za mikono tangu mwaka wa 1964, ifungue masomo mafupi ya ufundi wa telefone na itoe cheti, ili mteja ajue fundi gani amefundishwa kushika batri ya lithium. Na ofisi za serkali, mashule na mashirika ya msaada yanayonunua telefone kwa mamia yaandike katika mkataba kwamba lazima zifunguke.

Ni kweli kwamba leo sehemu kubwa ya mashariki iko katika vita na kwamba ofisi za serkali hazifanyi kazi kila pahali. Lakini hakuna kiwanda kinachotengeneza telefone moja ya Goma na nyingine ya Lubumbashi. Sharti likiwekwa Kinshasa, telefone ile ile itafika sokoni Virunga na sokoni Kadutu. Tena Kongo si peke yake. Tangu mwaka wa 2022 ni mwanamemba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye wanunuzi kwa mamilioni. Soko moja likiuliza swali, kiwanda kinaweza kunyamaza. Masoko manane yakiuliza kwa sauti moja, kitajibu.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Mbele ya kutoa pesa, amuulize muuzaji mambo matatu: batri inatokaje, kioo kinapatikana wapi, na mwenye telefone wa kwanza amekwisha kufuta jina lake? Muuzaji anayeulizwa mara mia ataanza kuleta telefone zenye majibu.

Wozniak alipokataa nafasi 2 na kudai 8, hakujua nani atazitumia wala kwa kazi gani. Aliamini tu kwamba mwenye kununua kompyuta ana akili, na kwamba atapata la kufanya na mlango ulioachwa wazi. Vijana wenye turnavisi barabarani Goma wamekwisha kuonyesha kwamba akili hiyo iko. Wanafufua kila siku, kwa chuma cha kuchomelea na mwanga wa tochi, vifaa ambavyo kiwanda kilitangaza kuwa vimekufa. Hawaombi zawadi. Wanaomba mchoro na piesi ya kweli, na telefone inayokubali kufunguliwa na mtu aliyeinunua.